Ukaguzi wa Lebo za Picha Kabla ya Kufundisha Modeli

Modeli inayofundishwa kutambua picha haina namna ya kushuku ilichofundishwa. Ikipewa picha 1,000 zilizoandikwa "swala granti", na 100 kati ya hizo zikawa za swala tomi, itazipokea zote kwa uaminifu uleule, kisha makosa yatajitokeza kazini, mbele ya mteja. Ndiyo maana ukaguzi wa lebo huhesabiwa kuwa hatua kamili ya kuandaa data, yenye msimamizi wake, muda wake na fungu lake la fedha. Ukiachwa uwe kiporo cha wiki ya mwisho kabla ya makabidhiano, haufanyiki. Kinachofanyika ni kutia saini tu.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Mwaka 2021 Curtis Northcutt, Anish Athalye na Jonas Mueller walichapisha matokeo ya kukagua seti 10 za data zinazotumika sana kupimia modeli. Wastani wa lebo zenye makosa ulikadiriwa kuwa angalau asilimia 3.3. Katika picha 50,000 za kuhakikia za mkusanyiko wa ImageNet, makosa yalikadiriwa kuwa angalau asilimia 6. Hata MNIST, mkusanyiko wa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono ambao karibu kila mwanafunzi wa fani hii huanzia, ulikutwa na lebo 15 zenye kasoro kati ya 10,000 za majaribio. Seti hizo zimepita mikononi mwa watafiti wa dunia nzima kwa miaka mingi. Mradi mpya, wenye waweka lebo wapya na tarehe ya mwisho iliyokaribia, hauna sababu ya kujihesabu safi zaidi.

Msingi wa kwanza wa kazi hii ni kwamba lebo iliyonaswa na programu ya ukaguzi ni lebo inayoshukiwa. Bado haijahukumiwa. Programu huonyesha mahali pa kutazama. Uamuzi ni wa mtu mwenye ujuzi wa kile kilichomo pichani, na uamuzi huo huandikwa pamoja na sababu yake. Timu inayofuta au kubadilisha lebo kwa mkupuo, kwa kuwa tu modeli haikukubaliana nazo, haisafishi data. Inaifundisha modeli maoni ya modeli.

Makosa yenyewe ni ya namna mbili, na tiba zake hazifanani. Yapo ya kuteleza: kidole kimegusa kitufe cha jirani, jicho limechoka saa za jioni, picha imepita haraka. Haya hutawanyika bila mpangilio, na modeli nyingi huyastahimili kwa kiasi fulani. Yapo pia ya utaratibu, ambapo kundi zima la picha limepotoshwa kwa njia moja. Hayo ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu yakirudiwa mara nyingi modeli huyaona kuwa ndiyo kanuni.

Mfano mzuri unapatikana Serengeti. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 zinazojifyatua mnyama anapopita, kuanzia mwaka 2010, na picha zake zikawekwa lebo na watu wa kujitolea kupitia mtandao wa Zooniverse. Miongoni mwa wanyama wanaochanganywa kwa urahisi ni swala tomi na swala granti. Mtu asiyezoea hutafuta mstari mweusi ubavuni na kuamua kuwa ni tomi. Lakini baadhi ya granti, hasa wadogo, nao huwa na mstari. Alama ya kutegemea zaidi iko nyuma: kwa granti weupe wa matako hupanda juu ya mkia hadi kuingia mgongoni, kwa tomi huishia chini ya mkia. Mwongozo wa kuweka lebo unaotaja mstari wa ubavuni peke yake utazalisha granti wanaoitwa tomi, na kila mwekaji lebo atakuwa ametii maelekezo. Hapo hakuna mzembe wa kutafutwa. Kinachorekebishwa ni mwongozo, kisha picha zote za makundi hayo mawili hupitiwa upya.

Makosa mengine ya utaratibu hayahusiani na jicho hata kidogo. Orodha ya mafaili ikipangwa kialfabeti, "picha_10" hutangulia "picha_2", na lahajedwali iliyopangwa kwa hesabu ya kawaida ikiunganishwa nayo mstari kwa mstari, lebo huhama zote. Seti mbili zinapounganishwa, namba 3 katika ya kwanza yaweza kuwa nyumbu na katika ya pili pundamilia. Picha iliyopigwa kwa simu ikiwa imelazwa huweza kugeuzwa na programu moja na isigeuzwe na nyingine, visanduku vya kuonyesha kitu kilipo vikabaki hewani. Makosa haya hugunduliwa kwa gharama ndogo kuliko yote: kufungua picha chache za kila kundi, zilizochaguliwa bila mpangilio kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa faili, na kuzitazama zikiwa na lebo zake. Ni jambo la kushangaza kwamba hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, pengine kwa kuwa haihitaji programu yoyote.

Baada ya hapo hufuata kulinganisha watu kwa watu. Picha ile ile ikitazamwa na zaidi ya mtu mmoja, kutokubaliana kwao ni taarifa. Snapshot Serengeti ilionyesha kila tukio kwa watazamaji wengi na kuchukua jibu la walio wengi. Majibu hayo yalipolinganishwa na ya wataalamu katika matukio 4,149, utambuzi wa spishi ulilingana kwa asilimia 96.6. Mradi haukuishia hapo. Kila jibu lilipewa kipimo cha jinsi kura zilivyotawanyika, ili mtumiaji wa data ajue ni wapi wote walisema nyumbu na ni wapi nyumbu alishinda kwa kura chache. Mradi wa kibiashara unaohifadhi jibu la mwisho peke yake na kutupa kura za mtu mmoja mmoja unatupa chombo chake bora cha ukaguzi.

Asilimia ya makubaliano, hata hivyo, isisomwe ovyo. Tuseme waweka lebo wawili wanaamua iwapo picha ina mnyama au haina, na kila mmoja husema haina kwa picha 80 katika 100. Hata wangejibu kwa kubahatisha, wangekubaliana kwa asilimia 68. Makubaliano ya asilimia 90 yanayotajwa kwa fahari kwenye ripoti, yakipimwa kwa kappa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 kinachoondoa sehemu ya bahati, hubaki takriban 0.69. Si kibaya, ila si kile ambacho msomaji wa ripoti alidhani anaambiwa.

Kulinganisha watu hakutoshi pale picha nyingi zilipotazamwa na mtu mmoja tu, na ndiyo hali ya kawaida ya miradi yenye bajeti finyu. Hapo modeli yenyewe hutumika kama mtazamaji wa pili. Data hugawanywa mafungu, tuseme matano. Modeli hufundishwa kwa manne na kutakiwa itabiri la tano, na zoezi hurudiwa hadi kila picha ipate utabiri kutoka kwa modeli ambayo haijawahi kuiona. Sharti hilo halina msamaha. Mwaka 2017 Chiyuan Zhang na wenzake walionyesha kwamba mitandao ya neva yenye tabaka nyingi inaweza kukariri hata lebo zilizogawiwa kwa bahati nasibu. Modeli iliyokwisha kuiona picha pamoja na lebo yake potofu itaitetea lebo hiyo.

Kisha kila kundi hutafutiwa kizingiti, yaani wastani wa uhakika ambao modeli huwa nao kwa picha zilizobeba lebo ya kundi hilo. Tuseme kwa tomi wastani huo ni 0.82. Picha iliyoandikwa granti, lakini modeli ikaipa tomi 0.91, imevuka kizingiti cha tomi na inaingia kwenye orodha ya kushukiwa. Njia hii, waliyoieleza Northcutt na wenzake na inayopatikana bure katika programu ya cleanlab, ina ubora mmoja mkubwa: kundi ambalo modeli huliona kwa wasiwasi hupimwa kwa kizingiti chake lenyewe, bila kulazimishwa kufikia kiwango cha makundi mepesi.

Kuna mahali ambapo timu nyingi hujikwaa, nako ni kwenye kugawa mafungu. Kamera ya porini hupiga picha kadhaa mfululizo, mara nyingi tatu, na zote hupewa lebo moja. Mgawanyo ukifanywa picha kwa picha, mbili zenye lebo potofu zitaingia kwenye mafunzo na ya tatu kwenye fungu la kutabiriwa, nayo itakuwa na mashahidi wawili wa uongo. Orodha ya kushukiwa itatoka fupi na kila mtu atafurahi. Mgawanyo sahihi hufuata chanzo: kamera nzima iende fungu moja, shamba zima, mgonjwa mzima, siku nzima ya upigaji picha.

Makundi yenye picha chache yanahitaji uangalizi wa pekee, na hesabu yake ni rahisi. Penye picha 10,000 za nyumbu, asilimia 1 tu wakiitwa kongoni, kosa ni picha 100. Kama kongoni wa kweli ni 100, nusu ya kundi la kongoni ni nyumbu, ingawa ripoti ya jumla itaonyesha kosa dogo kabisa. Makundi adimu hukaguliwa picha kwa picha, yote, bila kungoja programu iyashuku.

Uamuzi juu ya picha zinazoshukiwa hufanywa bila kuonyeshwa lebo ya awali wala jibu la modeli. Mkaguzi anayeona "modeli inasema tomi, uhakika 0.91" ameshaelekezwa. Katika orodha hiyo huchanganywa pia picha ambazo hazikushukiwa, kwa sababu mbili: mkaguzi asijue ipi ni ipi, na timu ipate kukadiria makosa yaliyoikwepa programu. Jibu nalo lisifungwe kwenye "sahihi" na "kosa". Zipo picha zenye vitu viwili vinavyostahili lebo zote mbili, na zipo ambazo hakuna mtu anayeweza kuziamua kwa haki. Mfano wa zile za kwanza ni picha za majani ya mihogo zaidi ya 21,000 zilizokusanywa Uganda na kuwekwa lebo na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya NaCRRI wakishirikiana na maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere. Kila picha ina lebo moja kati ya tano. Shambani mmea mmoja waweza kuwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwa pamoja. Lebo moja ikilazimishwa hapo, mabishano ya wakaguzi hayatakwisha, na wote watakuwa na hoja.

Picha ngumu zisitupwe kwa ugumu wake. Duma aliyepigwa picha usiku akiwa nusu ya mwili nje ya fremu ndiye ambaye modeli itakutana naye kazini. Data inayosafishwa mpaka zikabaki picha za kupendeza hutoa modeli yenye alama nzuri kwenye karatasi.

Kwa upande wa mpangilio wa kazi, seti ya majaribio husafishwa kwanza. Kipimo kikiwa kibovu, hakuna njia ya kujua kama kusafisha data ya mafunzo kumesaidia. Kila badiliko huandikwa: jina la faili, lebo ya zamani, lebo mpya, sababu, tarehe, na toleo la mwongozo lililotumika. Lebo za awali huhifadhiwa. Matokeo ya modeli yaliyopimwa kwa toleo la zamani hayawekwi jedwali moja na ya toleo jipya bila kusema hivyo wazi.

Yapo pia masuala ya haki. Picha zinazoonyesha watu, zikiwemo za wapita njia walionaswa na kamera, ni taarifa binafsi, na sheria zipo: Kenya kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mazoea ya kupiga picha kioo cha kompyuta na kuulizana kwenye kundi la WhatsApp "huyu ni nani?" hayakubaliki, hata nia ikiwa njema. Pahala pa kuulizia pawe ndani ya mfumo wa kazi.

Kuhusu waweka lebo, orodha ya kushukiwa haifai kutumika kama daftari la makato ya malipo. Sehemu ya picha zilizomo zina lebo sahihi na modeli ndiyo iliyokosea; sehemu nyingine zimetokana na mwongozo mbovu ambao mfanyakazi hakuuandika. Anayelaumiwa kwa kosa aonyeshwe picha, asikilizwe, na apate uamuzi wa mtu mwingine asiye msimamizi wake wa zamu. Muda wa kurudia kazi kwa sababu ya mwongozo kubadilishwa hulipwa kama kazi. Makato yakianza kufuata orodha ya programu, waweka lebo hujifunza haraka kukisia modeli itasema nini, na kuanzia siku hiyo hakuna tena mtazamaji wa pili katika mradi. Masharti haya yaandikwe kwenye mkataba kabla picha ya kwanza haijafunguliwa.