Je, Chai Hutuliza Moyo?

Ndugu wanachama, msimu wa karafuu ukifika wengi wetu hukosa usingizi kwa uchovu na kwa kuwaza madeni. Birika la chai halikai mbali. Je, chai yatuliza kweli?

Katika majani ya chai mna kitu kiitwacho theanini, kilichogunduliwa Japani mwaka 1949. Hufanyika katika mizizi ya mchai, kisha hupanda hadi kwenye majani. Jua kali hukipunguza, na mashamba yaliyotiwa kivuli kabla ya kuchumwa hukihifadhi. Karafuu tutiayo birikani huleta harufu na ladha. Theanini haitoki kwake.

Katika majaribio kadhaa, watu waliopewa miligramu 200 walijisikia wametulia kidogo. Lakini majaribio hayo yalikuwa madogo, na kikombe kimoja cha chai mara nyingi hakifikishi miligramu 30. Mwaka 2011 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya waliamua kwamba haijathibitika kuwa theanini hupunguza wasiwasi wala huleta usingizi. Tena chai ina kafeini, nayo hufukuza usingizi.

Kwa hivyo twashauri hivi. Chai ya asubuhi ni njema. Ya usiku na aiache asiyelala. Aliyekesha asipande mkarafuu siku ile, bali akae chini achambue makonyo, maana tawi halimsamehe mwenye kusinzia. Na mwenye hofu isiyokwisha aende kwa daktari, asinunue vidonge vya theanini kwa kusikia sifa zake tu.