BUNKEYA: BOMA LA MSIRI



Sisi wa darasa la sita tulitoka Likasi na kamiyo saa kumi na moja ya asubui, kwenda Bunkeya kujifunza istoria. Katika kitabu tumeona picha za boma za zamani za Ulaya, kuta za mawe tupu, na wengi walifikiri tutakuta kitu sawa vile. Hakuna. Kuko uwanda mukubwa, nyumba za watu, na vumbi iliyoingia mpaka ndani ya chakula chetu. Boma za Msiri zilikuwa za miti, na miti inaoza.

Msiri alitoka Unyamwezi, katika inchi ya Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mchuuzi wa shaba. Mtoto akakaa huku, akawa mfalme wa Garenganze. Shaba, pembe za tembo na watumwa vilienda mpaka pwani ya Angola na ya Zanzibar; bunduki na baruti zikarudi. Juu ya miti ya boma alitundika vichwa vya adui zake. Katika mji ule mmisionari Frederick Arnot aliingia mwezi wa pili 1886, akakaa miaka miwili. (Sisi tulilala huko usiku mmoja tu na tukalalamika.)

Katika 1891 Wasanga walimwasi. Tarehe 14 Desemba mwaka ule Kapiteni Stairs akafika, ametumwa kwa faida ya mfalme Leopold II. Msiri alikataa bendera yake, akahamia boma la Munema. Tarehe 20 Kapiteni Bodson akamfuata kule na kumpiga risasi. Bodson naye akapigwa, akafa. Msiri alikatwa kichwa.

Ndani ya kamiyo, wakati wa kurudi, maneno yakaanza. Mwenzetu mmoja Muyeke akasema: "Ule mutu alikufa juu ya inchi yake." Mwenzetu Musanga akajibu: "Inchi ya nani? Alikamata bankambo yetu, akabauzisha!" Sisi maprefe tulitaka kunyamazisha, lakini tukaona wote wawili wanasema mambo yaliyotokea kweli. Kukataa bendera ya Leopold hakufungui minyororo ya wale waliouzwa. Na minyororo ile haikumpa Bodson ruhusa ya kumuua mfalme katika boma lake.

Tulifika Likasi usiku, na wale wawili wangali wakibishana. Mwalimu wa istoria ameomba kila mmoja aulize wazee wa kwao, alete karatasi moja siku ya kwanza.