LAVABO INAZIBA KILA JUMA: TUTAFUTE SABABU YAKE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, katika ukurasa huu tumezoea kusema habari za kofia ya kazi, za baruti na za mashini. Leo tunaingia jikoni. Hatari haimngoji mtu kazini tu. Mara nyingine inamngoja chini ya lavabo yake mwenyewe.

Jambo linaanza hivi. Lavabo ya jikoni inaziba. Maji yanasimama, mafuta yanaelea juu, harufu inajaa nyumba. Bwana anarudi toka kazi ya usiku, anashika waya, anachokoa, maji yanashuka. Wote wanafurahi. Kisha siku kumi, inaziba tena. Mara ya tatu anachoka, anapita sokoni, ananunua soda kostiki iliyotiwa ndani ya chupa ya limonade. Siku ile lavabo imekuwa hatari ya kweli.

Kazini, kama mkanda unaobeba mawe unasimama kila siku, mkubwa wa kazi hakubali mtu ausukume tu kusudi uendelee. Anauliza: nini kinausimamisha? Nyumbani tufanye vilevile.

NINI KINAZIBA TIYO?

Kwanza ni mafuta. Mafuta ya ngazi yakiwa moto ni kama maji, lakini yakipoa yanaganda. Yanataka karibu degre 35 kusudi yayeyuke kabisa. Na hapa Katanga, mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inaweza kushuka chini ya degre 10. Basi mafuta uliyomwanga jioni pamoja na maji ya moto yanafika mbali kidogo, yanapoa, yanashika ndani ya tiyo. Kila siku njia inakuwa nyembamba zaidi.

Pili ni bukari. Makombo yake yanavimba ndani ya maji, yanashikamana na mafuta kama gundi. Nyuzi za sombe zinafunga yote pamoja.

Tatu ni kichanga na majivu ya kusugulia sufuria. Ni vizito, vinalala mahali tiyo inapojipinda.

Nne ni matope ya salopeti. Na hapa, ndugu, si habari ya kuziba tu. Vumbi la mine linaweza kubeba risasi, kobalti na vingine visivyofaa kuingia mwilini mwa mtoto. Salopeti isifuliwe katika lavabo inayooshea mboga na chupa ya maziwa. Kama kazini kuna mahali pa kufulia, ibaki kule. Kama hakuna, iwe na beseni yake peke yake, nje, mbali na nguo za watoto. Wala usiikung'ute ndani ya nyumba.

MPINDO ULE UNA KAZI GANI?

Tazama chini ya lavabo. Tiyo inajipinda kama herufi S au U, au ina kikombe cha kufungua. Ni sifoni. Mtengeneza saa mmoja wa London, Alexander Cumming, aliweka mpindo wa namna ile katika choo cha maji, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1775. Maji kidogo yanabaki ndani ya mpindo siku zote, yanafunga njia kama kizibo, hata harufu na hewa mbaya ya mifereji haipandi nyumbani.

Kuna watu wanaokasirika na sifoni, wanaikata, wanaweka tiyo iliyonyooka. Wameondoa mlango wa nyumba yao. Usifanye hivyo.

GINSI YA KUZIBUA

1. Tosha kwa kikombe maji yaliyosimama. Weka ndoo chini ya sifoni.

2. Chukua ventuzi, ile mpira yenye mpini. Acha maji kidogo yaifunike. Kama lavabo ina kitundu cha juu au beseni ya pili, ziba tundu lile kwa kitambaa chenye maji, kwani hewa ikipita pale, nguvu yote inapotea. Sukuma na kuvuta mara 15 au 20.

3. Kama haikubali, fungua sifoni polepole kwa mkono. Chunga vipete vya mpira visipotee. Safisha kwa brosi. Uchafu uende katika takataka, si katika choo.

4. Kama sifoni ni safi, kizuizi kiko mbele. Ingiza waya ya kuzungusha, uizungushe polepole, usiigonge.

5. Rudisha sifoni, mwanga maji, halafu pitisha karatasi kavu kwenye viungo. Karatasi ikilowa, kaza tena.

Maji ya moto yanasaidia kwa mafuta, lakini katika tiyo ya plastiki usimwange maji yanayochemka. Yanailegeza.

KAMA INARUDI TENA

Angalia mbele ya kufanya lolote. Kama ni lavabo moja tu inayoziba, tafuta sababu katika sifoni yake na katika desturi za jikoni. Kama sifoni ni safi na desturi ni nzuri, tazama mteremko: tiyo inataka kushuka karibu santimetre 2 kwa kila metre. Ikilala sawa, uchafu unalala pia. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kama lavabo, bafu na choo vinapandisha maji pamoja, kizuizi kiko katika tiyo kubwa nje, au shimo la maji machafu limejaa. Ita watu wa kazi hiyo. USISHUKE KATIKA SHIMO. Wewe mtu wa mine unajua hewa mbaya ni nini. Ndani ya shimo la choo kuna gazi inayoangusha mtu kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa bila vyombo anakufa juu yake. Hata kama ni ndugu yako, usimfuate: piga kelele, ita waokoaji.

SODA NA ASIDI

Soda kostiki ikikutana na maji inapata moto mkali, inaweza kuruka usoni. Mara nyingine inageuza mafuta kuwa sabuni ngumu, na tiyo inaziba kuliko mbele. Halafu yule atakayefungua sifoni, soda ile inamngoja mikononi.

Wengine wanamwanga asidi ya bateri, kisha javeli. Javeli ikichanganyika na asidi inatoa gazi ya klori. Ni gazi ile iliyoua askari karibu na Ypres, katika Ubeljiji, tarehe 22 Aprili 1915. Jiko dogo lenye dirisha lililofungwa si mahali pake.

Na ile chupa ya limonade? Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni chupa. Soda kidogo tu inaweza kuunguza koo na njia ya chakula. Mtoto akipona, kovu linaweza kubana njia ile, hata kumeza tonge la bukari kukawa shida kwa miaka. Kwa ajili ya lavabo!

Kama hatari imekwisha kufika: mtoto akiinywa, USIMTAPISHE, kwani itaunguza mara ya pili. Msuuze kinywa, mpeleke hospitali upesi, uchukue na chupa ile. Ikiingia jichoni, mwanga maji safi mengi juu ya jicho wazi dakika 20 mbele ya safari, kisha hospitali.

TUSHIKE HAYA

Sufuria ipanguzwe kwa karatasi mbele ya kuoshwa. Mafuta yaliyobaki yamwangwe katika kopo, si katika lavabo. Makombo yaende katika takataka. Kichujio cha franka kidogo kiwekwe juu ya tundu. Sifoni ifunguliwe na kusafishwa mara moja kwa mwezi, hata kama maji yanapita vizuri.

Ndugu, leo ukifika nyumbani, piga magoti, tazama chini ya lavabo. Kama unaona kule chupa isiyo na jina, usingoje kesho. Anza na hiyo.