Mende Kwenye Laini

Kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai Kericho na Bomet, kuna baridi, na mende hufuata joto. Kwa hiyo usimtafute mlangoni. Yuko nyuma ya jiko, ndani ya redio, chini ya friji karibu na mota, na kwenye nyufa za ukuta mliogawana na jirani.

Msumbufu zaidi ni yule mdogo wa kahawia, urefu wa sentimita moja na nusu hivi, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Jike hubeba kifuko cha mayai mpaka yakaribie kuanguliwa, na kifuko kimoja hutoa watoto 30 hadi 40.

Usiku zima taa, kaa kama saa nzima, kisha ingia jikoni na tochi ya simu. Fungua kabati polepole, umulike bawaba. Ukiona vitone vyeusi kwenye kona, usidhani ni majani chai yaliyomwagika. Majani hupangusika kwa kitambaa kikavu. Kinyesi cha mende hung'ang'ania. Wakionekana mchana, basi wamejaa hata maficho hayawatoshi.

Mende hupita chooni kisha juu ya ugali uliolala, akibeba vijidudu vya kuhara. Kinyesi na magamba yake huamsha pumu, na watoto wetu tayari wanavuta moshi wa kuni kila jioni.

Tafadhali sana, dawa ya kuogeshea ng'ombe isipulizwe jikoni! Wala usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda, au chaki ya mende ambayo mtoto ataiona kama chaki ya shule. Pakiti halali ina namba ya usajili wa PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini.

Dawa ya jeli hufaa kuliko ya kupuliza. Weka tone dogo kama punje ya mchele kwenye bawaba na nyufa, mbali na chakula na mikono ya watoto. Mende hula, hurudi kufia mafichoni, na wenzake wakila kinyesi au mzoga wake nao hufa. Usipulize dawa nyingine hapo, wataikimbia jeli.

Ila ukitibu chumba chako peke yako, watarudi kupitia ukutani. Ongeeni na majirani, laini nzima ianze siku moja, na mrudie baada ya wiki mbili, maana mayai yaliyomo kifukoni hayali dawa. Mwiteni mhamasishaji wa afya ya jamii awasaidie kupanga. Kila jioni funika unga na kibuyu cha maziwa ya mursik, osha sufuria, kausha sinki na ndoo: mende huvumilia njaa kwa wiki kadhaa akipata maji.

Ukihamia shamba lingine, shusha makatoni nje, uyakung'ute kabla hayajavuka kizingiti. Redio ya mtumba ifungue kifuniko cha nyuma kwanza.