Tukimsomesha Msaidizi wa Kisheria, Tuulize Nini?



Katika vijiji vya Kibondo na Kasulu, wanakamati wa parokia huletewa mara kwa mara matatizo ya mashamba, mirathi na matunzo ya watoto. Kamati inapotaka kumsomesha mtu awe msaidizi wa kisheria kwa fedha za waumini na wafadhili, swali hujitokeza: je, ni lazima chuo kiwe na ithibati? Tunaona jibu linategemea kazi tunayomtuma.

1. Cheti cha sheria. Kama tunataka apate astashahada au stashahada ya sheria, mfano katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, ithibati ni ya lazima. Chuo cha ngazi hiyo kitambuliwe na NACTVET (zamani NACTE), la sivyo cheti hakitamfikisha mbele kimasomo.

2. Mafunzo ya msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua msaidizi huyu ingawa si wakili, ila inamtaka awe na mafunzo yanayokubalika na asajiliwe. Basi kabla ya kulipa ada, tufike kwa msajili msaidizi wilayani, ambaye kwa kawaida ni afisa maendeleo ya jamii. Tumuulize: mtaala huu unakubalika? Akimaliza atasajiliwa?

3. Mafunzo yanayokwenda na sheria. Muhuri peke yake hautoshi. Tuchukue mfano wa mjane aliyenyang'anywa shamba la mihogo na shemeji zake. Msaidizi aliyesoma zamani atamwambia aende Baraza la Kata likaamue. Lakini tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mjane anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asipoelekezwa hivyo, msimu wa kilimo utapita huku wengine wakilima shamba lake.

4. Mipaka ya kazi. Msaidizi huelimisha, huelekeza na huwashauri wanaogombana wapatane. Hamwakilishi mtu mahakamani, wala hatozi malipo. Mafunzo yanayomwahidi kijana wetu kipato cha uwakili yatatuzalishia kishoka, na watakaoumia ni maskini tuliotaka kuwasaidia.

Kwa hiyo ithibati ina maana, lakini ni swali la kwanza tu. La pili ni usajili, na la tatu ni kama wakufunzi wanafundisha sheria ilivyo leo.

Maswali ya kujadiliana
(a) Msaidizi wetu wa sasa amesajiliwa?
(b) Mara ya mwisho alipata mafunzo ya kujikumbusha mwaka gani?
(c) Je, bajeti yetu ina fungu la mafunzo hayo, au tulilipia cheti mara moja tukasahau?