Somo: Kila Mafuta na Kipimo Chake cha Soda

Mafuta ya nazi yakiadimika, wengi wetu hutengeneza sabuni kwa mafuta ya alizeti na kuacha kipimo cha kostiki soda kile kile. Halafu wateja wanalalamika mikono inaungua. Shida ni nini?

Kwenye maabara hupima hivi: mafuta kidogo huchemshwa na potashi iliyoyeyushwa katika spiriti. Mafuta huchukua potashi ya kuyageuza sabuni. Inayobaki hupimwa kwa kutonesha asidi mpaka rangi ya waridi ya dawa ya kupimia ipotee. Kwa hesabu hiyo tunajua pia soda inayotakiwa.

Kilo 1 ya mafuta inataka soda safi:
– Nazi: karibu gramu 183
– Mafuta ya ng'ombe: karibu gramu 140
– Alizeti: karibu gramu 135

Basi ukitia gramu 183 kwenye kilo ya alizeti, karibu gramu 48 zinabaki kuchoma ngozi. Hata hizo 135 ndizo mwisho. Ni vizuri kupunguza gramu 5 katika kila 100.

Tahadhari: soda itiwe ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Sufuria ya alumini huliwa na soda. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki. Watoto wakae mbali.

Mjadiliane: Sabuni yetu ya mwisho tulipima kwa mizani, au kwa kikombe tu?