Hukumu ya Muruatetu: Je, Kenya Ilifuta Adhabu ya Kifo?

Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya Muruatetu. Wengi waliuelewa kuwa kunyongwa kumekwisha. Haya hapa maswali yanayoulizwa sana, na majibu yake.

Mahakama iliamua nini hasa?
Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, hata awe na kisa gani. Mahakama iliona kwamba ulazima huo unakiuka Katiba, kwa sababu unamnyima mtu haki ya kujitetea kuhusu adhabu yake.

Kwa hiyo adhabu ya kifo imefutwa?
La. Ingali katika sheria, na jaji akiona inafaa anaweza kuitoa. Kenya haijamnyonga mfungwa tangu 1987, lakini uamuzi huu uliondoa lile neno "lazima" tu.

Siku hizi jaji huangalia nini?
Umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, namna mauaji yalivyotendeka, kama alikuwa amedhulumiwa kijinsia, majuto yake na uwezekano wa kurekebika. Machungu ya familia ya marehemu nayo hupimwa.

Je, wafungwa wa wizi wa mabavu wananufaika?
Hapana. Baadhi ya mahakama zilianza kuwapunguzia adhabu hata wao, pamoja na waliofungwa kwa makosa ya kingono. Tarehe 6 Julai 2021, Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa kesi za mauaji pekee. Anayepinga adhabu ya lazima ya kosa jingine aanze na kesi yake mwenyewe, apande nayo ngazi kwa ngazi.

Ndugu yangu alihukumiwa kifo kwa mauaji kabla ya uamuzi huo. Afanyeje?
Anaweza kuiomba Mahakama Kuu isikilize upya suala la adhabu. Hatia yake haifunguliwi tena. Kinachojadiliwa ni adhabu. Upande wa mashtaka na jamaa za marehemu nao husikilizwa. Ajiandae kwa lolote: huenda akapewa kifungo cha miaka, huenda pia akarudi na adhabu ile ile. Safari hii, walau, jaji atakuwa amemsikiliza kwanza.